“Kata Waya Tu, Bosi”

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Kigamboni, kuku wa jirani bado wako bandani. Nimezungusha funguo, na nyuma kabisa, ndani ya bodi ubavuni mwa buti, ikaanza tena: krrr-krrr-krrr-krrr. Nilikuwa nimeshazoea kuhesabu. Tisa, kumi, kumi na moja, kimya. Mwanangu, aliyekuwa anafunga mkanda kiti cha nyuma, akaniuliza kama kuna panya.

Hakukuwa na panya. Ilikuwa mota ya antena, inasukuma kitu ambacho hakipo.

Wiki sita siku zangu zilianza hivyo. Ninazima gari kazini, inalia. Ninawasha jioni, inalia. Mlinzi wa ofisini alishaacha kugeuka. Mimi sikuacha kusikia, na kila nilipoisikia nilijisemea: Jumamosi hii.

Gari ni Toyota Mark II, GX81, la mwaka 1991. Wanaolijua wanajua. Antena yake imefichwa kwenye fenda ya nyuma, na ukiwasha redio inapanda polepole, kipande kutoka ndani ya kipande, mpaka inasimama wima. Ukizima inarudi, na kinachobaki juu ya bodi ni kichwa kidogo kama cha msumari.

Yangu ilianza kwa kupinda. Kisha ikawa inashuka nusu. Siku moja nikajaribu kuisaidia kwa mkono, na kipande chote cha juu kikanibaki kiganjani, na kwenye kitako chake kimening'inia kijiuzi cheupe cha plastiki kama urefu wa kidole, kimekatika.

## Jibu moja kwa mafundi watatu

Fundi wa kwanza ni yule anayenifanyia sevisi. Alisikiliza mara moja, hata hakufungua buti. “Kata waya tu, bosi. Hizo hazipo tena.”

Wa pili ni fundi umeme wa barabarani, kijana mwenye mikono mizuri, namheshimu. Naye: kata waya, nakuwekea kijiti cha elfu kumi juu ya paa, unasahau. Wa tatu alikuwa ameshatoa kisu kabla sijamaliza kueleza.

Siwalaumu. Wanakutana kila siku na watu wanaotaka kelele iishe kabla ya saa nne ili wawahi kazini. Na waya ukikatwa, kelele inaisha kweli.

Jioni ya fundi wa tatu nilijilaza chini ya dashibodi na tochi ya simu, nikitafuta waya huo wa antena niujue. Nilichokuta ni nyaya nyingine. Moja imezungushiwa selotepu nyeusi: ya saa ya dashibodi, iliyokuwa inapoteza majira. Nyingine ya kengele ya mlango, iliyokuwa inalia hata mlango ukiwa umefungwa. Nikakumbuka na taa ya buti. Nikakumbuka na kioo cha nyuma cha kulia, ambacho hakishuki tangu mwaka juzi kwa sababu kilikuwa kinakwama na fundi akanishauri kichomolewe.

Nne. Zote zimekatwa mikononi mwangu, ndani ya miaka minne.

Mjomba alinikabidhi gari hili mwaka 2021 kila kitu kikifanya kazi.

## Barabara ya Segera

Nilipokuwa sekondari, likizo zangu zilianza na kuishia ndani ya gari hili. Muheza, Hale, Segera, Mkata, Wami, Chalinze. Mjomba hakuwa mtu wa kaseti. Alikuwa mtu wa Redio Tanzania Dar es Salaam, masafa ya kati.

Kuna jambo ambalo nimelielewa ukubwani. Redio iliyokuja na gari kutoka Japani ilikuwa na FM ya kwao, inayoanzia 76 na kuishia 90, wakati huku kwetu FM inaanzia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo Dar ilikuwa inakamata Radio One pale 89.5 na majirani zake wachache, na juu ya hapo haisikii chochote. Wengi tuliopanda magari ya Japani miaka ile tunakumbuka vile visanduku vya ekspanda vilivyofungwa chini ya dashibodi ili kushusha masafa. Lakini masafa ya kati ya Japani yamepangwa kwa hatua za kilohezi 9, sawasawa na yetu. Upande huo redio ilikuwa nzima kabisa tangu iliposhuka melini.

Na barabarani upande huo ndio wenye kazi. Ukishaiacha Tanga mjini, FM inakatikakatika kwenye vilima kisha inapotea. Masafa ya kati yanabaki na wewe, na jua likizama yanazidi kupata nguvu, kwa sababu usiku anga la juu linayarudisha chini mbali kuliko mchana. Ila yanadai antena. Mawimbi yake yana urefu wa mamia ya mita. Hakuna gari litakalobeba antena ya kuyatosha, kwa hiyo kila sentimita unayoiongeza inasikika.

Mjomba alilijua hilo bila hesabu. Kila alipolisafisha gari alipitisha kitambaa kikavu cha pamba kwenye antena, kipande baada ya kipande. Nikimletea grisi anakataa: “Mafuta yanakamata mchanga, mjomba.” Alikuwa ananiita mjomba nami namwita mjomba, kama ilivyo kwetu. Na akikaribia paa la kituo cha mafuta, au tawi la mwembe, au lango lolote, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshafika kwenye redio na kuizima kabla mguu haujafika kwenye breki.

Mwaka 2001, jioni, tumeipita Mkata tunakuja Dar. Yakaanza matangazo ya vifo. Wakati wa matangazo hayo hakuna aliyeongea ndani ya gari. Hata mtoto alijua. Likasomwa jina la shangazi yake mjomba. Likasomwa na kijiji, na majina ya wafiwa, na jina la mjomba mwenyewe likiwa miongoni mwa wanaoarifiwa, “popote alipo”.

Popote alipo palikuwa pale, gizani, baada ya Mkata.

Hakusema kitu. Alipunguza mwendo, akatafuta mahali papana, akageuza gari. Tulifika msibani alfajiri, naye akawahi kuingia kaburini kumpokea.

## Shaka

Sasa, ningependa kusema kwamba baada ya kuyakumbuka hayo niliamua palepale. Haikuwa hivyo.

Nilikaa wiki nyingine tatu nikibishana na nafsi yangu. Antena hiyo ilifanya kazi yake wakati wake. Leo msiba ukitokea, simu yangu inajua kabla jeneza halijatafutwa. Mjomba mwenyewe anasikiliza redio kwenye kisimu cha vitufe. Je, ninatengeneza gari, au nataka kurudisha jioni ile ya Mkata? Na pesa yoyote itakayotakiwa, nyumbani ina kazi nyingine zinazoisubiri.

Nilikifikiria na kile kijiti cha elfu kumi. Hapa nilifanya hesabu, kwa kuwa hesabu hainionei huruma. Mawimbi ya redio yanakwenda kilomita laki tatu kwa sekunde, kwenye 89.5 wimbi moja lina urefu wa mita 3.35 hivi. Antena ya gari inapenda robo ya hilo, kama sentimita 84. Urefu huo ndio uliokuwa unapanda kutoka kwenye fenda yangu. Kijiti cha paa kina sentimita ishirini. Vipo vilivyotengenezwa vizuri, vyenye waya uliosokotwa ndani na kikuza mawimbi kwenye kitako. Kile cha elfu kumi hakina.

Lakini hata hesabu haikuniamulia. Kilichoniamulia ni simu.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Hawajambo huko? Nakuja wiki ijayo kuangaliwa macho. Utanipokea stendi?”

“Nitakupokea, mjomba.”

“Na gari letu linaendeleaje?”

Letu, alisema. Nikajibu linaendelea vizuri. Nilipokata simu niliuona uwongo wangu umekaa palepale mezani.

## Mota au fimbo?

Gerezani, Kariakoo, nilitaja antena ya umeme ya GX81 kwenye maduka matano. Manne walinitolea antena nzima, mota na kila kitu, za mtumba, bei juu. La tano lilikuwa la mzee mmoja aliyeniuliza swali ambalo hakuna fundi aliyekuwa ameniuliza.

“Mota inalia?”

“Inalia sana, mzee wangu.”

“Basi imekufa wapi? Kinachokusumbua ni fimbo.”

Nilisimama pale kaunta. Wiki zote hizo nilikuwa naisikia ile krrr kama sauti ya kitu kilichoharibika, kumbe ilikuwa sauti ya kitu kizima kilichokosa mzigo wake. Mota inazungusha gia. Gia inang'ata kamba ya plastiki yenye meno. Kamba imepita katikati ya mirija ya antena na kushikwa kwenye kile kipande chembamba cha juu kabisa. Gia ikizunguka upande mmoja inaisukuma kamba juu na antena inapanda. Ikirudi upande wa pili inaivuta, na kamba inajikunja ndani ya kisahani pembeni mwa mota. Chuma kinadumu. Plastiki, baada ya miaka thelathini ya joto, inakauka na kuvunjika kama njiti.

Fimbo inauzwa peke yake, pamoja na kamba yake. Mzee alikataa kuniuzia kwa macho. Alitaka kile kipande nilichobaki nacho, akaweka kijiuzi chake sambamba na kamba ya fimbo mpya, akayahesabu meno, akapima na unene. Fimbo ya kwanza aliirudisha kwenye kabati: inaingia kwenye tundu, alisema, lakini meno yake ni mapana, ungeirudisha kesho unalia. Ya pili ikakubali.

Elfu thelathini na tano. Hakupunguza, nami sikuomba.

## Jumamosi

Kama kamba haijakatika kazi hii ni ya dakika ishirini, na hauhitaji hata kufungua buti. Unalegeza nati ya juu, ile inayong'aa penye shina la antena, kwa plaizi yenye kitambaa ili usiichubue. Mtu mmoja anawasha redio, wewe umeshika fimbo, na mota yenyewe inaitapika nje, kamba na yote. Kisha unaingiza kamba ya fimbo mpya, redio inazimwa, mota inaimeza.

Yangu ilikuwa imekatika ndani, kwa hiyo ilibidi niishushe mota. Nilitoa bitana ya buti, boliti mbili za spana namba kumi, plagi ya umeme, waya wa redio, na kimpira kinachotoa maji chini ya gari. Kimpira hicho kilikuwa kimeziba kwa matope. Kingebaki vile masika mawili zaidi, mota ingekufa kweli, imezama.

Ndani ya kisahani kulikuwa na kamba kuukuu imejikunja vipande saba, na unga mweupe wa meno yaliyosagika. Hiyo ndiyo iliyokuwa krrr yangu. Nilitoa vipande kwa koleo la nyusi la mke wangu, nikavipanga juu ya gazeti ili nijue hakuna kilichobaki. Gia ilikuwa nzima, jino kwa jino.

Nikarudisha kila kitu. Mke wangu akakaa kiti cha dereva.

“Washa.”

Mota ikazunguka. Nikaiteremsha kamba hadi nilipohisi imegusa gia.

“Zima.”

Krrr-krrr-krrr. Kamba ikatetemeka mkononi mwangu, haikuingia hata nukta.

Tulijaribu mara tano. Hapo nikakaribia kukubali kwamba mafundi watatu walikuwa wamesema kweli. Jasho lilikuwa linanitoka, mtoto ananiletea maji, na ile sauti niliyoichukia wiki zote ilikuwa inanilia usoni, buti likiwa wazi.

Mke wangu ndiye aliyeshuka, akaitazama kamba. “Mbona meno yanaangalia nje?”

Kamba ina upande mmoja tu wenye meno. Nilikuwa nimeipa gia mgongo wake laini. Nikaizungusha nusu duara, nikaiteremsha tena, nikahisi kitu kimeikamata kwa upole, kama samaki anapogusa chambo.

“Zima.”

Ikaondoka mkononi mwangu yenyewe. Ikaenda, ikaenda, mirija ikifuatia mmoja ndani ya mwingine, hadi kichwa kikakaa juu ya fenda. Mota ikasema *tk* na kunyamaza.

Mtoto akataka irudiwe. Tukairudia mara sita.

## Mabati

Ningeweza kuishia hapo, na kwa siku moja niliishia.

Jumapili alfajiri nilikuwa nakwenda kununua samaki Feri. Nyumba imelala, kwa hiyo usiku wake nilikuwa nimeizima redio makusudi isije ikaamsha watu. Nikazungusha funguo. Redio kimya. Na nyuma yangu, mota ikaanza kupanda.

Kisha: *kong*.

Nikazima, nikashuka. Gari huwa naliingiza bandani kwa rivasi, kwa hiyo nyuma iko upande ambao mabati yameshuka chini. Nikamulika juu. Kwenye bati, juu kabisa ya ile antena, palikuwa na kishimo. Ila si kimoja. Palikuwa na madoa ya kugongwa yamejaa eneo la ukubwa wa kiganja, mengine yameshaota kutu.

Banda nililijenga mwenyewe mwaka 2023. Nililipima kwa urefu wa paa la gari.

Nilikaa kwenye ngazi ya mlango na sikwenda Feri. Miaka miwili, kila alfajiri, antena ilikuwa inapanda na kulipiga bati kwa kichwa. Ndani ya mota kuna klachi inayoteleza antena ikizuiwa, isiungue. Lakini kila ilipoteleza, meno ya kamba yalibeba pigo. Plastiki kuukuu ilikuwa na sehemu yake ya lawama. Bati langu lilikuwa na kubwa zaidi.

Na kwa nini ipande wakati redio imezimwa? Nilichomoa redio. Hii si ile ya Japani. Ile niliibadilisha mwezi uleule nilipokabidhiwa gari, nikitaka stesheni zote za Dar. Redio mpya ina waya wa bluu ambao kazi yake ni kuiambia antena ipande. Niliukuta umefungwa selotepu, haujaungwa na kitu. Aliyeifunga alikuwa ameuunga waya wa antena kwenye ule mwekundu, unaopata umeme kila unapozungusha funguo. Kwa kuwa redio yangu huwaka yenyewe na funguo, miaka minne sikuona tofauti yoyote.

Mjomba alikuwa akiizima redio langoni na antena inashuka. Mimi hata ningeizima, isingenisikia.

Nilitenganisha nyaya, nikaziunga upya: bluu kwa antena, na mwekundu nikauacha uwashe redio peke yake. Nikapima kwa taa ya kupimia mara tatu. Kwenye redio hii bluu inapata umeme ukiwa unasikiliza stesheni tu. Ukiweka muziki wa flashi, antena inalala. Upo pia waya wa bluu wenye mstari mweupe, wa kuamsha amplifaya, ambao unapata umeme muda wote redio ikiwa imewaka. Ukiunga huo, antena itasimama hata kwa muziki wa flashi. Mwenye kufanya kazi hii auangalie mstari huo kwa makini.

Wiki iliyofuata niliifungua na ile saa ya dashibodi. Ilikuwa na lehemu moja tu iliyoachia. Kioo cha nyuma bado sijakigusa.

## Stendi

Nilimpokea mjomba Stendi ya Magufuli, Mbezi, saa tisa alasiri. Amepungua. Alishuka ngazi za basi akizigusa moja moja kwa ncha ya kiatu, nami nikampokea begi na mfuko wa machungwa ya Muheza. Alipolifikia gari alipitisha kiganja kwenye fenda ya nyuma, akafika pale penye kichwa cha antena, akapabonyeza kidogo kwa kidole gumba.

Alipokaa, aliuliza redio inawashwa wapi siku hizi. Nikamwonyesha kitufe.

Hakusikiliza redio kwanza. Aligeuza shingo, sikio limeelekea nyuma, akangoja mpaka mota ilipomaliza na kusema *tk*.

“Imefika,” akasema, akaegemea kiti.

Tulivuka daraja la Kigamboni tukisikiliza taarifa ya habari ya saa kumi. Sikumweleza kitu, na yeye hakuuliza. Tulipoingia mtaani kwetu alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Nikapiga honi langoni. Mtoto akaja kufungua, nikaweka rivasi nianze kuingia bandani, na kabla sijaachia klachi, mkono wa kushoto wa mjomba ulitoka mapajani mwake, ukapapasa dashibodi taratibu, ukakipata kitufe.

Tukakaa kimya wote wawili, tukingoja ishuke.